Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Maneno haya niliyasema Wete, Pemba, mbele ya wakuzaji wa bonsai, yaani miti inayofanywa midogo na kukuzwa vyunguni, na vijana wanaojifunza useremala; yanahusu kuuhifadhi mti mkavu ulio kwenye bonsai usioze. Wenzetu kadhaa wa Unguja walikosa boti siku ile, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikaongeza mawili matatu niliyoyasahau pale.

Assalaamu alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana.

Nimekuja na chungu kimoja. Nilikipakata kwenye boti kutoka Malindi ya Unguja mpaka bandari ya Mkoani, na kwenye gari mpaka hapa kilikuwa mapajani. Mti wenyewe mnauona. Hauzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Upande mmoja wa shina una gome na majani, upande wa pili ni mti mtupu, mweupe kama mfupa wa dome uliotupwa na maji ufukweni. Ndani ya boti mama mmoja aliyekaa kando yangu aliutazama kwa muda, kisha akaniuliza: "Baba, huu si umeshakufa nusu? Kwa nini hukuikata hiyo kuni?"

Ni suali zuri, na mwenye mikarafuu yeyote angeuliza hivyo hivyo. Kwenye mkarafuu tagaa kavu ni hatari. Mchumaji akilikanyaga linakatika ghafla, na mnajua wenyewe ni wangapi waliovunjika miguu kwa jambo hilo. Shamba linataka tagaa kavu liondoke. Mti wa bonsai hatuukuzi kwa mavuno. Tunaukuza ili chungu kidogo kibebe umri mkubwa, na umri hauko kwenye majani, maana jani la mwembe wa miaka mia na jani la mche wa mwaka jana ni jani hilo hilo. Umri uko kwenye yaliyoupata mti: radi iliyopiga, tagaa lililochanika kwa dhoruba, upande mmoja uliokosa maji ukakauka huku upande wa pili ukiendelea kuishi. Mti unaobeba maiti yake na bado unatoa majani mapya ndio unaomfanya mtu anyamaze mbele yake. Mimi ulininyamazisha miaka mingi nyuma, na mpaka leo sijachoka kuutazama.

Wajapani, ambao nao asili ya sanaa hii waliipata China, wameyapa majina yake. Tawi kavu lililochunwa gome, au kilele kikavu, wanakiita jin. Ukanda mkavu ulio wazi kwenye shina ni shari, wala haina uhusiano na shari yetu sisi. Shimo au tundu kwenye shina ni uro. Mti waliousifu zaidi kwa kazi hii ni shimpaku, ambao ni jamaa wa mtarakwa wa milima ya bara. Wachimbaji wao waliufuata kwenye majabali ya mlima Ishizuchi, kisiwani Shikoku, wakining'inia kwa kamba. Kule theluji na upepo vinauchuna mti, jua linaung'arisha, na utomvu wake wenye mafuta unauhifadhi miaka na miaka. Ukisoma maelekezo mengi ya kutunza mti mkavu, jua kwamba aliyeyaandika alikuwa na mti huo mbele yake, tena mahali pa baridi. Hapo ndipo tunapopotea sisi wa visiwani. Tunachukua dawa yao tukadhani tumechukua na hali ya hewa yao.

Niruhusuni nizungumze kama seremala, kwa sababu hii ndiyo kazi iliyonilea kabla sijashika chungu. Nyumba za Mji Mkongwe dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nimetoa boriti nyingi kwenye dari zilizoanguka, na kila mara naona jambo moja. Katikati, pale hewa inapopita, boriti ni ngumu, msumari unapinda. Kwenye ncha mbili zilizozama ukutani unaweza kuichota kwa kijiko. Mti ni mmoja na umekatwa siku moja. Ila ukuta wa mawe na chokaa unakunywa maji ya paa linalovuja, unayahifadhi, na kichwa cha boriti kimefungwa humo hakipumui. Milango ya nakshi nayo ni hivyo hivyo. Iwe ya msaji, iwe ya mbambakofi, inaanza kuoza chini, karibu na kizingiti, mvua inaporuka kutoka barazani. Huko juu nakshi imekaa zaidi ya miaka mia.

Ukungu unaoozesha mti ni kiumbe kinachotaka kunywa. Mti ukiwa mkavu kiasi kwamba maji yaliyomo hayafiki asilimia 20 ya uzito wake, ukungu ule hauwezi kuanza kazi. Sasa hesabuni mwaka wetu. Tuna masika, tuna vuli, baina yake tuna mchoo, na Pemba inanyeshewa zaidi kuliko Unguja. Juu ya mvua ya Mwenyezi Mungu, sisi wenyewe tunamwagilia chungu kila siku, khasa kipindi cha kaskazi. Mti mkavu wa bonsai unaishi miguu ikiwa majini. Kwa hiyo la kwanza ninalokuombeni mlishike ni kwamba kazi ya kuuhifadhi inafanywa na patasi kabla haijafanywa na brashi. Shughulikia maji yatoke. Dawa inakuja nyuma yake.

Maji yanatokaje? Kila uso mkavu uupe mteremko. Kila shimo lipe mlango wa chini. Ukiona shimo linaelekea juu kama kikombe, ama lichonge mdomo wake wa mbele ushuke, ama toboa kwa keekee kutoka chini yake mpaka nyuma ya shina. Ncha ya jin iwe nyembamba, imechongoka, isiwe bapa kama kisiki cha kukalia. Kichwa cha mti kilichokatwa kwa msumeno ni kama fungu la mirija iliyosimamishwa: kinanyonya. Ndiyo maana silimalizi tawi kwa msumeno. Hili hapa, naomba mlipitishe mkono kwa mkono, nilikata nikaliacha urefu wa kidole. Nikapasua ncha kwa koleo, nikashika uzi mmoja wa mti nikauvuta chini taratibu, kisha mwengine, kisha mwengine. Mti unachanika pale unapotaka wenyewe, kwa kufuata nyuzi zake, na mkono wako unajifunza njia ambayo jicho halikuiona. Pitisheni kidole muone mifereji yake. Yote inashuka. Hakuna hata mmoja unaoishia kwenye dimbwi. Na uzuri wake umetoka humo humo, sikuuongeza.

Ukitaka kuchuna ukanda kwenye shina, jambo linakuwa zito zaidi, kwa sababu sasa unagusa uhai. Chini ya gome kuna utando mwembamba, unyevunyevu, ndio unaojenga mti. Ukiukata kote kuzunguka shina, yaliyo juu yamekwisha. Chora kwanza kwa chaki. Fuata mwendo wa nyuzi, ambao mara nyingi unajipinda. Angalia kila tagaa hai lililo juu lina njia ya kuteremka mpaka mzizini bila kukatwa. Mwaka wa kwanza ukanda uwe mwembamba kama kidole kidogo. Mwaka wa pili, mti ukiwa na afya, panua. Pembeni mwa jeraha mti hai utavimba na kujikunja kama mdomo, na mvimbe huo, kati ya gome na mfupa, ndio ninaoupenda kuliko yote. Mti mnyonge usiuguse kabisa. Upe mwaka upate nguvu.

Lakini si kila mti unastahili kazi hii, na hapa nitasema wazi hata kama nitamuudhi mtu. Bogonvilia ni nzuri kwa maua, mti wake ni sponji. Utauchonga leo, baada ya mvua mbili unamomonyoka. Mikuyu na jamaa zake inafaa ikue na kufunika majeraha yake yenyewe, tuiache ifanye hivyo. Mbuyu msiufikirie. Mvinje una mti mgumu unaochanika vizuri, lakini mchwa anaupenda, kwa hiyo usikae chini. Mkomamanga unafaa, na Wajapani wana aina ya mkomamanga wenye shina la kujisokota wanaouthamini sana. Mkwaju una tabia mbili: kiini chake ni cheusi, kigumu, kinadumu, ila mti mweupe unaokizunguka ni chakula cha bungua, mdudu anayetoboa mbao. Na huu niliokuja nao, ambao majina yake yanatofautiana pwani hadi pwani na wataalamu wa mimea wanauita Pemphis acidula, ndio mfalme wetu. Mnaujua. Unaota juu ya majabali ya matumbawe pale maji ya chumvi yanaporuka, majani madogo manene, kiua cheupe, na mti mgumu unaovunja meno ya msumeno. Wenzetu wa Indonesia wameufanya kuwa fahari yao. Hapa kwetu unakatwa ukawa kuni.

Nikiutaja mti huu lazima niseme na hili. Usiende ufukweni na sururu. Mti wa jabalini uliong'olewa bila ujuzi hufa, na majabali yakibaki matupu hayarudi kuwa na miti katika umri wetu. Huu wangu ulitoka kwenye kiwanja kilichokuwa kinasafishwa kujengwa, kwa idhini ya mwenyewe, na katika mitatu niliyoitoa siku ile ulipona mmoja tu. Mbegu na vipandikizi vipo, vina taabu yake ya miaka, lakini ndiyo njia. Mikoko nayo ina sheria zake, msiguse bila kibali.

Narudi kwenye mkwaju, kwa sababu mkwaju ndio ulionifundisha haya niliyoyasema. Nilikuwa nao mmoja, shina nene kama paja, na jeraha kubwa juu pale ulipokatwa. Nilichonga jeraha lile likawa bakuli, kina chake kama ngumi. Nililipenda bakuli lile. Nilikuwa nimeshapata dawa ya chokaa na kiberiti upele, na kila baada ya miezi mitatu nililipaka, likawa jeupe safi mwaka mzima, wageni wakija wanaulizia. Mwaka wa nne, asubuhi moja ya masika, niliweka kidole gumba ukingoni mwa bakuli ili niugeuze mti, na kidole kikazama. Ngozi nyeupe ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Nyuma yake palikuwa na unga wa hudhurungi, rojorojo kwa maji, na chini zaidi vijitundu vya bungua. Nilichota nikachota nikafika mpaka kwenye kiini, nusu ya shina imekwenda. Upande hai ulibaki umesimama peke yake bila mgongo, na upepo wa kusi wa mwaka ule ukaukata. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake juu ya uso. Mimi ndiye niliyeyawekea maji bakuli.

Sasa dawa yenyewe. Ni chokaa na kiberiti upele, vitu viwili ambavyo hakuna nyumba ya zamani hapa isiyovijua. Chokaa tunaipata kwa kuchoma matumbawe. Kiberiti upele bibi zetu walitupaka tulipowashwa, na wakulima wa korosho wa Mtwara wanakinyunyiza kama salfa kupambana na ubwiri unga. Vikichemshwa pamoja, sehemu moja ya chokaa kwa mbili za kiberiti na takriban kumi za maji, kwa uzito, vinatoa maji mekundu ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Watu wa bustani Ulaya waliyatumia dhidi ya ukungu wa mizabibu tangu karne ya 19. Ukiweza kuinunua tayari, nunua. Ukichemsha mwenyewe, iwe nje, upepo ukiwa mgongoni, kwenye chombo cha chuma ambacho hakitapikiwa tena, kisiwe cha shaba wala alumini, na watoto wawe mbali. Ichemke kama saa nzima, itulie, ichujwe, itiwe kwenye chupa ya plastiki ijae mpaka shingoni kwa sababu hewa inaiharibu.

Kupaka kwake ni hivi. Chagua siku kavu yenye jua. Mti uliochongwa karibuni usubiri mwezi, hata miwili, maji ya ndani yapungue. Siku yenyewe usugue kwa mswaki mkuukuu na maji matupu, utoe koga na kijani chote, uache mpaka usimete tena lakini bado una unyevu. Unyevu ule ndio unaoivuta dawa ndani, kwenye mti mkavu kabisa inakaa juu tu kama rangi. Funika udongo wote kwa plastiki na ufunge kitambaa shinani, maana dawa ikiingia chunguni inadhuru mizizi. Vaa glovu, linda macho. Kisha paka kwa brashi ndogo ukifuata nyuzi, usivuke kwenye gome hai. Harufu itakuwa ya mayai viza, majirani watauliza, waambieni mapema. Kwanza mti unakuwa wa manjano kali, rangi ya manjano ya biriani, na mtu wa mara ya kwanza anadhani ameuharibu. Wekeni juani. Baada ya saa chache ukingo unapauka, kufikia kesho yake au keshokutwa wote ni mweupe. Weupe ule ni kiberiti na chokaa vilivyobaki kwenye vinyweleo vya mti, navyo vinauzuia ukungu na wadudu. Ukiuona mweupe mno, kama ukuta uliopakwa jana, tia masizi kidogo ya sufuria kwenye dawa ya mashimoni. Kivuli kinarudi, mti unakuwa na kina.

Kuna jambo hapa nataka kila mtu alisikie, na vijana nyamazeni kidogo. Sisi tukishika samaki tunaosha mikono kwa ndimu. Harufu ya dawa hii ikikukaa mkononi, mkono utaifuata ndimu wenyewe. Usifanye. Ndimu, siki, maji ya betri, kitu chochote kikali namna hiyo kikikutana na dawa hii kinatoa gesi yenye sumu, na ikiwa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Osha kwa maji mengi na sabuni. Ikikurukia jichoni, maji mengi, kisha hospitali.

Kwa kalenda yetu mimi napaka mara mbili. Ya kwanza mwezi wa pili, kaskazi ikiwa bado kavu na masika hayajaingia. Ya pili mwezi wa tisa, kabla ya vuli. Katikati ni mswaki na maji tu.

Pale mti mkavu unapogusana na udongo, hapo ndipo kichwa cha boriti kilipozama ukutani. Dawa pekee haitoshi. Inua mti kidogo, ondoa udongo na kuvumwani shinani, weka changarawe ili maji yapite yasikae. Ikiwa mti umeanza kulainika, chimba mpaka ufike kwenye mgumu, ukaushe kweli kweli, upake dawa, na dawa ikishakauka ndipo unyweshe gundi nyepesi inayopenya, au epoksi pale chini kabisa. Ukianza na gundi, dawa haina pa kuingia. Wahifadhi wa makumbusho wanatumia gundi fulani ya kiwandani inayoitwa Paraloid B-72, inayoyeyushwa kwa asetoni, na kwa mti uliolegea inafaa sana ukiipata.

Vanishi, hapana. Nimeulizwa pia kuhusu sifa, yaani mafuta ya samaki, na deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta wanaopaka vyombo, kwa kuwa majahazi yetu yanadumu kwa hivyo. Naheshimu sana mafundi wa vyombo, lakini jahazi linapakwa ili maji ya nje yasiingie. Mti wetu una mizizi hai inayopandisha unyevu kutoka ndani kila siku. Ukiuziba uso, unyevu ule umefungiwa ndani na ukungu. Uache upumue.

Hapo ndipo nilipomaliza, tukatoka uani kupaka. Jua lilikuwa zuri. Bi mkubwa mmoja wa Wete, aliyenyamaza tangu mwanzo, alimtuma mjukuu wake nyumbani akarudi na beseni, na ndani yake mkwaju alioukuza mwenyewe tangu mbegu, mumewe akiwa hai. Juu ya shina palikuwa na shimo, mdomo wake hauzidi sarafu. Akaniuliza kama nitaupaka dawa. Niligonga ubavuni kwa mpini wa patasi, nikasikia sauti imejaa, nzito. Nikaomba keekee. Kijana mmoja alishika shina, mimi nikatoboa kutoka nyuma, upande wa mti mkavu, nikielekeza ncha juu taratibu. Kwanza ilitoka chenga nyeupe, kisha nyeusi. Nilipovuta keekee, maji ya mvua ya juzi yalitoka kwa kishindo kidogo, meusi kama kahawa, yakaloa kanzu yangu, yakaendelea kutiririka muda mrefu kuliko yeyote pale alivyotarajia. Bi mkubwa aliweka kidole chake chini ya tundu, akangoja mpaka tone la mwisho.

"Dawa nitakuja kuupaka mwezi wa tisa," nikamwambia. "Kwa sasa uacheni ukauke."